Mabua Kumi na Moja

Jumapili, 8 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Matope ya mabwawa yako bado yamo kwenye nyayo za viatu vyangu na sijataka kuyaosha. Mwenzangu wa chumba analalamika kwamba chumba kinanuka. Nimemwambia hiyo ni harufu ya miaka kumi na tisa ya subira. Hakucheka.

Hata sasa siamini. Miaka kumi na tisa umehesabu ndege kwenye mabwawa ya majitaka, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Bata mgongo-mweupe umemwona mara nyingi akipiga mbizi, lakini kiota chake hukuwahi kukiona. Jana ukakiona. Ulivyonishika mkono! Ukaniambia, "Jicho Moja, kaa hapa, usipumue mpaka nirudi," kisha ukaenda kuwasha pampu ukinyata kana kwamba mayai yenyewe yako chini ya miguu yako.

Picha nimeipata. Mwanzoni nilikata tamaa, maana matete yalisimama mbele ya lenzi kama watu kwenye foleni. Kisha upepo ukanisaidia, yakaachana, naye akaonekana mzima: dume, maana kwa bata hawa ulinifundisha dume ndiye huatamia, amekalia kiota, na ile alama nyeupe kando ya mdomo, na chini ya ubavu wake yai moja la rangi ya majani makavu ya chai.

Leo nimeitazama hadi macho yameuma. Kesho naipeleka ofisini. Unajua tunatafuta picha ya jalada la kitabu cha sayansi cha darasa la tano, na mhariri wetu ameshakataa picha thelathini. Anasema ndege wote wanaonekana kama wamekwenda kupigwa picha za pasipoti.

Msalimie sana mkazamjomba.

Mpwa wako,
Jicho Moja


Ijumaa, 13 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika jana. Jana hiyo hiyo ulinipigia simu na sikupokea, kwa makusudi. Simu ni ya kuulizana hali. Hili ni la kuandikwa.

Kiota kimekwisha.

Jumatatu msimamizi aliniagiza nifyeke matete kando ya bomba la bwawa la tatu, fundi apate kulifikia. Pale unapajua. Kutoka bomba hadi kiota ni hatua thelathini. Nikafunga kitambaa chekundu kwenye tete moja, nikajiambia hapa sivuki, nikafyeka asubuhi nzima. Jumatano nikaenda kuchungulia. Kunguru wanne walikuwa wamekaa juu ya kiota kama wenye nyumba. Mayai yote matano yametobolewa. Dume alikuwa katikati ya maji anazunguka tu, hapigi mbizi.

Mbele ya kiota matete yamekatwa. Sisemi kuvunjika, nasema kukatwa. Pamekuwa mlango.

Mwenye mundu kule nilikuwa mimi peke yangu. Kitambaa changu kipo pale pale nilipokifunga. Lakini mwanangu, macho yangu siku hizi yananichezea. Jicho la kulia lina ukungu, na sikuwa nimemwambia mtu. Nimevuka mpaka nilioufunga kwa mkono wangu na sikuuona.

Nilipapasa bua moja. Mundu hukata mshazari. Hili lilikuwa limekatwa sawasawa kama ukucha. Nikasema basi siku ile mundu ulikuwa mkali.

Usilie. Wewe picha unayo. Angalau mmoja wetu alimtendea haki yule ndege.

Mjomba wako


Ijumaa, 20 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara tano.

Tafadhali usijilaumu. Kunguru ni kunguru, wana macho kuliko sisi sote, na hata matete yasingekatwa huenda wangekipata kile kiota. Tena una uhakika gani kwamba ni wewe? Pengine kuna mtu alipita. Pengine fundi wa bomba mwenyewe. Kitambaa chako hakikusogea, na mtu aliyefunga kitambaa hawezi kukisahau kwa hatua thelathini nzima.

Jicho hilo lipeleke kwa daktari. Naomba sana.

Habari za hapa: mhariri ameikubali picha. Aliibandika ukutani juu ya dawati langu, chini ya feni, na kila feni ikigeuka yule dume anatikisika kidogo kama anayetaka kuinuka. Nimehamisha kiti changu. Sasa nafanya kazi nikiwa nimempa mgongo.

Mpwa wako,
Jicho Moja


Jumamosi, 28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Una moyo mzuri, lakini usinitafutie mwizi. Langoni kuna mlinzi, na mlinzi ana daftari. Kati ya Jumamosi na Jumatano hakuingia mgeni hata mmoja. Fundi wa bomba alikuja Alhamisi, mayai yakiwa yameshakuwa maganda. Aliyekuwepo ni mimi.

Nina ombi. Nitumie ile picha, ichapishwe kubwa, na iwe nzima. Wewe ulipiga Jumamosi, mimi nilikata Jumatatu. Nataka kuona matete yalivyosimama kabla sijayagusa. Nikishayaona nitarudi pale na kuhesabu nilikata mangapi. Mtu akikosa, ajue kiasi cha kosa lake. Hiki kitu cha "labda" na "pengine" kinaninyima usingizi zaidi ya mayai yenyewe.

Unakumbuka nilivyokufundisha? Ulikuwa na miaka minane, darubini imekulemea shingo, umefumba jicho moja, unaniambia umeona bata mia. Nikakuuliza, umewaona au umewatamani? Ukanuna mpaka jioni. Kisha ukarudi ukasema, "Sitini na wanne." Siku ile ndipo nilipokupa jina lako.

Mkazamjomba wako anasema tangu Jumatano ile ninakula kama mtu aliyeazimwa mdomo.

Mjomba wako


Jumapili, 5 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Picha hii hapa. Nimeichapisha kubwa kuliko zote nilizowahi kuchapisha. Ndiyo nzima. Nilikuwa nimemsogelea sana kwa lenzi, kwa hiyo matete hayaonekani vizuri, nisamehe kwa hilo.

Nimekuwekea pia nakala ya jalada la majaribio. Utaona chini yake wameandika: "Bata akiwa katika mazingira yake ya asili." Maneno hayo siyo yangu, ni ya mhariri.

Jana ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Umehesabu wangapi?

Mpwa wako,
Jicho Moja


Jumatatu, 13 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Picha nimeipokea. Ni nzuri mno. Mlinzi wa langoni ameshika kichwa akasema, "Mzee, huyu bata ananidai nini mbona ananitazama hivi?" Uliyosema ni kweli, matete hayamo. Basi. Nitaishi bila kujua hesabu yake.

Umeuliza nimehesabu wangapi. Nilikwenda. Bwawa la pili lilikuwa limejaa bata wale wa kupiga miluzi. Nikahesabu mia mbili na kumi na wawili. Nikarudia: mia na themanini. Nikarudia tena: mia mbili na thelathini. Hakuna aliyeruka wala aliyetua. Nikakaa chini kwenye ukuta wa bwawa.

Nikajiuliza swali moja. Mtu asiyeona kitambaa chekundu alichokifunga mwenyewe, ndege wa kijivu juu ya maji ya kijivu aliwaonaje? Ukungu huu ulianza kama miaka miwili iliyopita. Kwa hiyo miaka miwili nimekuwa nikiandika nilichotamani.

Nilirudi nyumbani, nikachukua rula na kalamu nyekundu. Nimepiga mstari kurasa zote za miaka miwili, kurasa ishirini na nne, na juu ya kila moja nimeandika: Haiaminiki. Chama cha wahesabu ndege nimekiandikia wanitoe kwenye orodha na wasizitumie namba zangu. Darubini nimempa mke wangu aiweke kwenye sanduku la mablanketi.

Usihuzunike. Miaka kumi na saba si michache.

Mjomba wako


Jumanne, 14 Aprili

Mwanangu,

Ni mimi, mke wa mjomba wako. Naandika haraka, amekwenda kwenye pampu.

Unajua mimi na hawa ndege hatuelewani. Nimeolewa na mwanamume mwenye wake wenza elfu mbili wenye mabawa, na kila mwezi anakwenda kuwahesabu mmoja mmoja kuhakikisha hakuna aliyemtoroka. Mimi hajanihesabu hata siku moja. Nimenung'unika miaka kumi na tisa, na ningetoa chochote leo ninung'unike tena.

Haendi mabwawani ila kwa kazi. Akipita karibu na maji anatazama viatu vyake. Jana nimemkuta amesimama mbele ya kalenda ya ukutani, anafumba jicho hili, anafumba lile, anajisomea tarehe kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Nimemwambia twende kwa daktari, ananijibu daktari wa nini, ya kuonwa yameshaisha.

Barua ya chama alinipa mimi niitie posta. Ipo kwenye kabati la vyombo, chini ya sahani kubwa. Usimwambie. Nitakaa nayo kadiri nitakavyoweza, lakini hiyo sahani siku moja ataitaka.

Mimi sina maneno ya kitaalamu. Nikimwambia macho yako mazuri, ananiona namtuliza. Wewe ndiye anayekuamini. Mwandikie kitu. Lolote, ila liwe la kweli, maana la uongo atalijua.

Mkazamjomba wako


Jumapili, 19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, fungua bahasha ya pili. Hiyo ndiyo picha nzima. Ile ya kwanza niliikata. Tazama pembe ya chini, kushoto.

Hakukuwa na upepo Jumamosi ile.

Ulipoondoka nilikaa dakika ishirini nikipiga picha za matete. Kila picha ilikuwa na bua mbele ya jicho lake au mbele ya mdomo. Nikasogea. Maji yalinifika magotini. Kwenye mkoba nilikuwa na ule mkasi mdogo ninaokatia picha. Nilikata bua moja, nikatazama kwenye lenzi. Nikakata la pili. Nilikuwa nikiyahesabu, maana wewe ndiye uliyenizoesha kuhesabu kila kitu. Yalikuwa kumi na moja. Mengine mawili matatu niliyalaza kwa mguu.

Dume hakuondoka. Aliinamisha shingo tu, akanitazama. Nilijiambia kwamba ameniruhusu. Sasa najua alikuwa anaogopa kuyaacha mayai, na mimi niliutumia woga wake kupata mwanga mzuri.

Kisha nikasikia mluzi wako kutoka kwenye pampu. Mabua niliyoyakata niliyasukuma majini yaelee mbali. Ulipofika ukaniuliza, "Umempata?" nikakuonyesha picha kwenye kioo kidogo cha kamera, na ukasema kwa jua lile huoni kitu, lakini unaniamini. Ulisema hivyo. Unaniamini.

Wewe hukuvuka kitambaa chako. Ulipokata Jumatatu, mlango ulikuwa umeshakuwa wazi siku mbili. Lile bua ulilolipapasa, lililokatwa sawasawa kama ukucha, lilikatwa kwa mkasi wangu. Vidole vyako vilikuambia ukweli, na barua zangu zikavikanusha.

Kuna jambo baya zaidi. Barua yako ya tarehe 13 Machi niliisomea ngazini ofisini, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Nilipofika pale unaposema mwenye mundu ulikuwa wewe, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni. Kilikuwa nafuu. Nilipumua. Nilikaa kwenye ngazi, watu wananipita, nami nikapumua kwa sababu mjomba wangu amejitwisha mzigo wangu bila kuombwa. Nimejaribu tangu siku ile kukumbuka kwamba nilihisi kitu kingine kabla ya hicho. Sikumbuki.

Halafu ukaomba picha nzima, na nilijua vizuri unaombea nini. Nilikaa mezani, nikasogeza ule mstari wa kukatia picha kwenye kompyuta kidogo kidogo, mpaka bua la mwisho likatoka nje ya picha. Kazi hiyo naifanya kila siku kazini. Sikuwahi kuifanya kwa uangalifu kama siku ile.

Nilidhani nakuficha jambo la bata tu. Sikujua nakunyang'anya macho yako. Nilipojua, kwenye barua yako ya rula na kalamu nyekundu, nilikaa nayo siku mbili zaidi. Na hizo nazo zihesabu.

Ijumaa nilikwenda kwa mhariri nikamwambia aitoe picha kwenye jalada. Akaniuliza sababu, nikamweleza. Akasema, "Dada, watoto hawataona matete. Wataona bata." Nikamwambia ndiyo maana aitoe. Amekasirika, kitabu kilikuwa kinakwenda mtamboni. Jalada sasa litakuwa na picha ya jani.

Siombi unijibu. Naomba tu darubini itoke kwenye sanduku la mablanketi.

Mpwa wako


Jumatatu, 27 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba.

Bahasha zako nimezipata Jumatano. Barua alinisomea mke wangu, maana mwandiko wako safari hii ulikuwa mdogo kama unaojificha. Alipofika kwenye mkasi aliishusha barua mapajani, akanitazama. Kisha akaendelea.

Nilichukua kile kioo cha kukuzia ninachosomea geji ya pampu, nikakaa dirishani na picha yako. Nikahesabu vichwa vya mabua yaliyokatwa: tisa. Mke wangu akahesabu: kumi na moja. Nawe umesema kumi na moja. Kwa hiyo jicho langu limepoteza mawili. Alhamisi nimekwenda kwa daktari. Ni mtoto wa jicho, nitafanyiwa upasuaji mwezi wa sita. Macho yangu ni mabovu kweli. Lakini mpaka wangu sikuuvuka. Hayo ni mambo mawili, na wewe uliniacha niyafanye jambo moja.

Nimekasirika, nisikufiche. Siku tano hizi mke wangu ananisogezea chai kwa mkono ulionyooka, kama anayelisha mbwa asiyemjua. Kosa la bata naweza kulielewa. Nimeona watu wazima wakivua suruali na kuingia majini kwa ajili ya picha ya ndege. Yule bata ulikuwa humjui, ukamkosea kwa haraka. Mimi unanijua, na ulinikosea polepole, kwa barua mbili na bahasha moja ya picha, stempu juu yake.

Ulipoandika kuhusu ile nafuu, hapo nilimwambia mke wangu arudie. Amerudia mara mbili. Hapo ndipo nilipokuamini tena. Sikufurahi, lakini nilikuamini.

Dume bado yupo bwawa la tatu. Jana alipiga mbizi. Nilimtazama kwa macho matupu, nikahesabu mpaka arobaini, akaibukia karibu na matete. Jike sikumwona. Sisemi hayupo, nasema sikumwona.

Barua ya chama imeonekana. Jumamosi nilitaka sahani kubwa.

Sasa sikiliza. Jumamosi hii, tarehe 2, ni siku ya kuhesabu. Utakuja. Kamera uiache huko. Darubini ni yako asubuhi hiyo. Utahesabu wewe, bwawa kwa bwawa, kwa sauti, nami nitaandika, na namba ukiniletea ya kutamani nitaisikia kwenye sauti yako.

Tukimaliza utakaa mezani na daftari. Mistari niliyochora ni ya wino, haifutiki, na kurasa nyingine sina za kunakilia miaka miwili. Kurasa ni ishirini na nne. Huenda baadhi ya namba zake ni mbovu kweli, kwa jicho hili; hizo nitazipima mimi nikishapona. Lakini sababu niliyozikatia siyo ya kweli, na hiyo nataka iandikwe. Kwenye kila ukurasa, chini ya mstari mwekundu, utaandika kwa mkono wako ni nani aliyekata matete, tarehe gani, mabua mangapi, kwa kifaa gani, na kwamba mwenye daftari hakuvuka kitambaa chake. Mara ishirini na nne. Kisha utatia sahihi kwa jina lako lote, siyo lile nililokupa mimi.

Samahani usiiandike. Daftari la ndege halina safu yake.

Mjomba wako